Bado na Kalavati la Kumi na Nne

Chwaa.

Ilikuwa sauti ndogo, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo na mtu asiye na haraka. Ilitoka chini ya kijana mmoja. Wakati huo alikuwa ameketi juu ya reli anatafuna mkate, mwezi wa pili tangu aajiriwe kuwa mkagua njia. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili nyuma. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyosuuzwa, panzi wakirukaruka kwenye nyasi za tuta, na hapakuwa na kitu chochote chenye sura ya hatari. Aliinama akachungulia kati ya mataruma yaliyobeba reli. Pale palipopaswa kuwa na kokoto na udongo aliona mwanga wa upande wa pili.

Maji yalikuwa yamelila tuta kwa ndani, polepole, yakaacha ganda. Reli zilining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo.

Alikimbia na bendera nyekundu mpaka pumzi ikamwishia. Treni ya mizigo ilisimama hatua kumi na nane kabla ya shimo. Alizihesabu mwenyewe baadaye. Hakufa mtu. Alidhani atapewa mkono wa pongezi. Badala yake mnyapara wa njia, mtu mnene asiyevua kofia hata ndani ya nyumba, alimvuta pembeni.

"Nani alikutuma uandike kwenye daftari?"

"Si ndiyo kazi, mzee?"

"Kazi ni kuziba. Wewe umeandika tuta limebomoka. Sasa wakubwa wanauliza lilianza kubomoka lini, na sisi tulikuwa wapi. Treni imechelewa saa sita, na saa zote hizo wametubandika sisi. Sikiliza, kijana. Ukikuta tundu, ziba. Ukishaziba, kuna tundu?"

"Hakuna."

"Na kama hakuna tundu, unaandika nini?"

Mnyapara alijijibu mwenyewe.

"Unaandika *shwari*."

Siku ile moja ilimfundisha asiamini ardhi kavu, na ilimfundisha asiamini karatasi. Fundisho la kwanza lilimfanya mkagua njia ambaye hakuna mwenzake katika sehemu yote ile. La pili lilikaa kimya kwa miaka, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jina la Bado alipewa baadaye na mkuu wa stesheni. Kila asubuhi, baada ya kutembea kilomita zake kumi na moja, nyundo begani na viatu vimejaa umande, mkuu wa stesheni humuuliza kupitia dirisha la tiketi, "Vipi, njia salama?" Naye hujibu bila kucheka, "Bado haijabomoka." Likaanzia hapo. Mabinti wa kuuza chai pale jukwaani walimwita Mzee Bado, na hata barua za kikazi ziliwahi kuja zikiwa na jina hilo kwenye mabano.

Mtu huyu hakuamini kitu. Kabla ya kuketi alitikisa kiti. Kabla ya kunywa aligeuza kikombe akakitazama makalio. Usiku, mvua ikianza kugonga bati, aliamka akaketi ukingoni mwa kitanda akisikiliza, kama mtu anayesikiliza majirani wakimsengenya. Mkewe alikuwa amezoea.

"Wewe ukifa," alimwambia siku moja, "utawaomba waliobeba jeneza wakuteremshe kwanza, ukague kaburi."

"Kwa nini nisilikague? Nani kalichimba?"

Redio ikitangaza jua, alichukua koti la mvua. "Redio haijawahi kutembea mpaka kalavati la kumi na nne," alisema.

Kalavati lile ndilo lililomnyima usingizi. Yalikuwa mabomba mawili ya zege yaliyopita chini ya tuta, kila moja likimtosha mtu mzima kutambaa, yaliyowekwa na watu waliokwisha kufa, kwa ajili ya mvua za enzi zao. Mvua zile zilikuja kwa adabu. Zilinyesha wiki tatu kidogokidogo, zikampa mkulima nafasi na mkagua njia nafasi. Sasa mvua ilikuja mara moja, alasiri moja, kama mtu aliyekasirika anayemwaga ndoo mlangoni kwako. Na kule juu, palipokuwa na msitu, palikuwa pamefyekwa, pakajengwa maghala yenye mapaa mapana. Maji hayakuwa na pa kutulia. Yalishuka yote kwa pamoja, yakayakuta mabomba yale mawili, yakasongamana kama watu kwenye mlango mmoja, kisha yakaanza kupanda tuta.

Bado na kikosi chake walijua la kufanya. Kabla ya treni ya abiria ya asubuhi walikuwa pale na magunia ya kokoto, wakijaza, wakishindilia, wakigonga. Treni ilipita. Wakanawa mikono kwenye maji yaleyale yaliyowatesa, wakarudi stesheni, na Bado akafungua daftari la ukaguzi, akalamba ncha ya penseli, akaandika tarehe, saa, na neno lake. Mkuu wa stesheni akatia sahihi pembeni bila kusoma. Wote walijua kuwa daftari lile halisomwi na mtu. Mwisho wa mwaka lilifungwa kwa uzi na kutupwa kabatini juu ya mengine. Mengi ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa. Yalibaki kumi na tisa.

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti yule aliendesha treni.

Mzee hakupenda. Alipoambiwa kwamba binti amefaulu mafunzo, hakusema hongera. Aliuliza breki za kichwa cha treni yake zilikaguliwa lini na nani. Binti alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, wengine wanapewa zawadi, mimi napewa mahojiano!" Lakini tangu alipopangiwa njia ile, kila akimpita baba yake kwenye tuta alipiga honi mara mbili, fupi, na mzee aliinua bendera ya kijani juu kuliko ilivyohitajika. Wanakikosi walimtania kwamba siku moja bega litamchomoka.

Basi ikawa miezi mitano kabla ya kustaafu kwake, kiangazi kikianza, akashuka stesheni mhandisi mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye buti za mpira na mkoba uliojaa vipimo. Alikuja na barua: alitumwa kutathmini namna mvua kubwa, mafuriko na joto kali vinavyoweza kuathiri reli na barabara za sehemu ile, na kuchora ramani ya hatari. Kila daraja na kila kalavati lingepewa rangi, na yale matano ya kwanza kwenye rangi nyekundu yangejengwa upya kabla ya msimu wa mvua. Ni matano tu. Mengine yangengoja.

"Naomba madaftari ya ukaguzi," alisema mhandisi. "Yote mliyo nayo."

Bado alisimama mlangoni na nyundo yake. Alimwona akipanga madaftari mezani, akipiga picha ukurasa mmoja mmoja, na moyo wake ukaanza kugonga kama anavyogonga reli, akisikiliza wapi pamelegea. Mtu mwenye macho mawili ametumwa kutazama njia, mbona anatazama karatasi? Na mkuu wa stesheni, ambaye kwa kawaida hata kiti hakupi, leo kampa mgeni kiti chake mwenyewe. Kwa nini?

"Wanataka kupunguza wakaguzi," alimwambia mkewe jioni ile. "Wataweka mashine. Yule mkuu kashauza maneno."

"Umesikia akisema?"

"Sijasikia. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Kesho yake alimfuata mhandisi kwa mbali, akijifanya anakaza skrubu. Alimwona akiteremka kwenye kalavati la kumi na nne, akapima mabomba kwa tepu, akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani. Kisha akafanya kitu ambacho Bado hakukitegemea. Alipanda kando ya tuta mpaka kwenye uzio wa nyaya, akachomoa kitu kwenye waya wa juu kabisa, akakishika kwenye mwanga. Zilikuwa nyasi kavu zilizojiviringa, zenye tope lililoganda.

"Mzee, njoo," alimwita bila kugeuka. "Hizo skrubu umezikaza mara tatu, zitalia."

Bado akaja, akiwa na haya kidogo.

"Nyasi hizi zimefikaje huku juu?"

"Upepo," alijibu.

"Upepo unabeba tope?"

Mhandisi alimtazama kwa jicho ambalo Bado alilitambua, kwa sababu ndilo jicho alilolitumia yeye kutazama kila kitu. "Nyasi zinaniambia maji yalifika hapa," alisema mhandisi. "Daftari linaniambia hayajawahi. Mmoja wao ananidanganya, na nyasi hazina sababu."

"Nyasi hazina sababu," alikubali Bado.

Siku ya tatu ramani ikabandikwa ukutani katika chumba cha kungojea abiria. Bado alienda peke yake kuitazama. Alifuata mstari wa reli kwa kidole: la tisa jekundu, la kumi na moja manjano, la kumi na mbili jekundu. Kidole kikafika la kumi na nne, kikasimama.

Kijani.

Aliingia ofisi ya mkuu wa stesheni bila kubisha. Mkuu alikuwa peke yake, anakoroga chai.

"Umechana kurasa," alisema Bado.

"Nini?"

"Kalavati langu limepewa kijani! Kijani, kama halijawahi kuona maji! Nilijua tangu ulipompa kiti. Umechana kurasa za daftari, ili usiulizwe."

Mkuu wa stesheni aliweka kijiko chini. Hakukasirika, na hilo lilimtisha Bado kuliko matusi. Alifungua kabati, akatoa daftari moja, akalifungua katikati, akaligeuza limwelekee mwenziwe.

"Hesabu kurasa. Zipo zote. Sasa soma."

Alisoma. *Shwari.* Akafunua. *Shwari.* Siku ya magunia mia na ishirini: *Shwari.* Siku walipofunga taruma kwa kamba kwa sababu misumari imeisha: *Shwari*, na nukta iliyokolezwa vizuri. Herufi zilikuwa zake, zilizolala kidogo kulia, kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.

"Yeye anafuata historia," alisema mkuu wa stesheni. "Kalavati lililobomoka mara nyingi linapewa nyekundu. La kumi na mbili wenzetu wameliandika mara nne tu. Mara nne, Bado, na linajengwa. La kwako katika miaka kumi na tisa halijaandikwa hata mara moja."

"Lakini si ameziona nyasi?"

"Ameziona. Ameniuliza. Nikamwambia mimi natia sahihi tu."

Bado aliketi, na kwa mara ya kwanza hakutikisa kiti.

Miaka yote alikuwa akimshuku huyu na yule. Alimshuku mnyapara, na mwashi wa mabomba, na wenye maghala, na redio, na mkuu wa stesheni, na mawingu. Mkono huu wenye penseli hakuwahi kuushuku. Ulikuwa mkono wa mtu aliyeziba tundu kwa jasho lake; ungewezaje kuwa na kosa?

Mkuu wa stesheni alisukuma kikombe cha chai mbele yake. "Kunywa. Nimetia sukari."

Bado alikitazama kikombe. Katika miaka yote ile hakuwahi kukaribishwa chai mezani pale.

"Sikiliza," mkuu aliendelea kwa sauti ya chini. "Kudanganya kwenye daftari la usalama ni kufukuzwa. Wewe umebakiza miezi mitano. Nyumba ya shirika utatoka kesho yake, mama wa watu utampeleka wapi? Na sahihi yangu iko pembeni ya kila *shwari* yako. Ukifungua mdomo tunazama wote. Acha aondoke zake kesho. Mvua zikija, mtaziba. Si mmekuwa mkiziba?"

"Na mimi nikiwa nimestaafu?"

"Watakuwepo wengine."

"Wamewahi kuisikia ile sauti?"

"Sauti gani?"

Bado alisimama. Chai aliiacha ikifuka moshi.

Usiku hakulala, ingawa hapakuwa na mvua. Mkewe aliwasha taa, akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Leo unasikiliza nini na mbingu imekauka?"

Akamwambia yote. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hii nyumba," alisema, "nimeifagia miaka ishirini na sita." Akaiachia kanga. "Treni ya asubuhi huwa na mabehewa mangapi?"

"Manane."

"Na mbele yake anakaa nani?"

Hakuhitaji kujibiwa. Alizima taa.

Asubuhi, jukwaa lilijaa mabegi na watoto. Treni ya abiria iliingia saa nne na dakika kumi, na kwa kuwa ilipaswa kupishana na ya mizigo, ingesimama dakika ishirini. Binti alishuka kutoka kichwani akijifuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, baba. Mbona leo hukuwa kwenye tuta? Nimepiga honi, nikawapigia ng'ombe."

"Marahaba, mama. Walikuitikia?"

"Mmoja alitikisa mkia. Ni zaidi ya unavyofanya wewe." Kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikapungua. "Unaumwa?"

Bado alikuwa akimtazama mhandisi, aliyeketi kwenye benchi la chumba cha kungojea, mkoba miguuni, ramani imeshakunjwa. Dirishani pa tiketi mkuu wa stesheni alikuwa akihesabu tiketi alizokwisha kuzihesabu, jicho moja nje.

"Njoo," alimwambia binti yake. "Usikie mwenyewe, usije ukasimuliwa."

Waliingia. Mhandisi aliinua uso, wala hakushangaa. Alikuwa kama mtu aliyechelewesha kukunja vitu vyake kwa makusudi.

"Mzee Bado. Una neno?"

Alivua kofia. Alianza kwa kukohoa, akaanza tena. "Kalavati la kumi na nne si kijani, mhandisi. Lile neno la kwenye daftari ni mwandiko wangu, na ni uongo. Kila maji yalipokula tuta tulijaza magunia, treni ikapita, nikaandika *shwari*. Hakuna aliyenishikia penseli."

"Baba!" Binti alimshika mkono. "Unajua unachosema?"

"Mwache aseme," alisema mhandisi. Alikuwa ameshatoa kalamu. "Mara ngapi, mzee?"

"Thelathini na saba."

Kalamu ilisimama. "Katika miaka kumi na tisa?"

"Ishirini na mbili kati ya hizo ni za miaka sita hii ya mwisho."

"Huwezi kuwa unakumbuka tarehe."

"Nakumbuka. Nilizinyima daftari, hazikuwa na kwingine kwa kukaa."

Mhandisi aligeuza ukurasa mpya. "Unaelewa kwamba nikiandika, ni lazima niandike na nani kaniambia. Siwezi kuficha jina. Ramani haibadiliki kwa uvumi."

"Andika. Ungeficha ningekushuku."

Binti aliketi kwenye benchi, tambara bado mkononi. Nje mtoto alilia, akabembelezwa. Mhandisi akaandika tarehe ya kwanza, akaandika ya pili. Bado alizitaja akiwa amesimama wima, kama anayesoma majina ya watu waliofariki: siku, mwezi, urefu wa tuta lililoliwa, idadi ya magunia. Kwenye dirisha la tiketi mkuu wa stesheni alikuwa ameacha kuhesabu.

Alipofika ya kumi na tisa, binti aliinua kichwa.

"Ngoja. Tarehe tisa, mwezi wa nne? Mwaka ule nilioanza?"

Bado aliikunja kofia mkononi.

"Hiyo naikumbuka mimi," alisema binti, na kwa kitambo uso wake ulikunjuka, kama mtu aliyekutana na rafiki mahali pageni. "Ilikuwa wiki yangu ya pili. Nilikukuta pale kalavatini, umepiga goti moja kando ya reli, umeinua bendera ya kijani juu kabisa. Nikacheka peke yangu kule mbele, nikasema, mzee leo ananipigia goti kama malkia. Nilisimulia kila mtu. Nilipita kwa mwendo kamili, baba."

Mhandisi aliweka kalamu chini.

Mzee alimtazama binti yake, kisha akautazama mkono wake wa kushoto, akaufunga na kuufungua. Alipozungumza, ilibidi wote wawili wainame ili wamsikie.

"Mkono mwingine ulikuwa chini ya taruma, mwanangu. Udongo ulikuwa unatembea."